Mdundo Uliosubiri Kituoni

"Babaji, rudia hapo."

"Hapa?"

"Hapo hapo. Tafadhali."

Mzee Gurdas, ambaye nyumba nzima humwita Babaji, yaani babu, alicheka, akashika vijiti viwili vya kusukumia chapati, akagonga tena ukingo wa meza. *Du, du-du, ka!* Akanyamaza kidogo, kisha *du*, pigo dogo la mwisho, kama mgeni aliyechelewa akibisha hodi.

Mama Sukhi alikuwa anageuza bajia kwenye mafuta, wala hakugeuka. Mchumba wangu, Sukhi, alicheka akaniegemea begani.

"Umemsikia, Til? Tangu nizaliwe anaupiga wimbo wa babu yako. Ila mwishoni anaukosea, anaongeza pigo. Nimemwambia mpaka nimechoka."

"Mimi ninakosea," alisema Mzee Gurdas taratibu. "Sawa. Kijana amesoma."

"Usinune, Babaji!"

"Kalete achari garini, wewe bingwa."

Sukhi akatoka. Mvua ilikuwa inanyesha juu ya Smethwick, mji wetu wa viwanda huku Uingereza, ile nyepesi isiyo na haraka, na kioo cha jikoni kilikuwa na ukungu. Nilijiona kama niko ndani ya ndoto ya mtu mwingine.

Mdundo ule niliujua kabla sijajua jina langu. Ndio unaofungua "Viatu vya Mwezini", wimbo wa Tausi wa Bati, bendi ya mtaani kwetu, wa mwaka 1973. Wale wanaume waliopaka usoni wanja na pambo, ule unga unaong'aa, wakavaa suti za kumetameta na viatu vya soli ndefu kama tofali, wakaimba mpaka nchi nzima ikapiga miguu chini. Mpaka leo mashabiki wa mpira huupiga viwanjani. Kila kizazi cha vijana wenye magitaa kimeuiba. Na mpiga ngoma wa bendi ile ni Len Bissell, babu yangu, aliyenilea tangu mama alipofariki.

Lakini kwenye santuri kuna mapigo manne tu. Lile la tano mtayarishaji alilikata. Babu hulipiga nyumbani peke yake, akisubiri maji ya chai yachemke, na tangu nikiwa mdogo aliniambia ni siri yetu wawili.

"Babaji," nilisema, "huu mdundo umejifunzia wapi?"

"Kwetu Punjab, binti yangu. Hupigwa ngano ikishavunwa. Baba yangu aliupiga. Mimi niliupiga juu ya pipa, kiwanda cha chuma kile cha kando ya mfereji, saa ya mapumziko. Kulikuwa na kijana mmoja mweupe, mwembamba, hata mkate wake hali. Anakaa tu, anasikiliza."

"Aliitwa nani?"

Mzee Gurdas aliweka vijiti chini. Akanisogezea sahani.

"Kula bajia. Zitapoa."

Sukhi aliingia na achari, nywele zimelowa. "Mnanong'ona nini?"

"Hamna kitu," nilisema.

Huo ndio ulikuwa uongo wangu wa kwanza kwake.

*

Niwaambie tulivyokutana. Nilikuwa nimemaliza chuo, nimepata kazi makumbusho ya mji, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuandaa maonyesho ya Tausi wa Bati: nguo zao, picha zao, na wote waliorithi kitu kutoka kwao. Nikaenda kumhoji kijana mmoja anayepiga dhol kwenye harusi, ile ngoma kubwa ya Kipunjabi inayoning'inizwa shingoni. Alitokea amevaa kizibao cha vioo na pambo la fedha mashavuni.

"Kwa nini mnavaa hivi?" nilimuuliza.

"Kosa la Babaji. Aliwaona Tausi kwenye televisheni akamwambia bibi, 'Hatimaye Waingereza wamejua kuvaa kwa ajili ya harusi.' Baba na wajomba zangu walipokua wakaunda bendi ya bhangra, muziki wetu wa kuchezea harusini, wakashona suti za kumetameta. Na mimi ndiyo huyu. Nikilala pambo liko kwenye mto, nikila liko kwenye dengu."

"Halitoki?"

"Halitoki. Ukinikaribia na wewe utakuwa nalo."

Nilikuwa nalo tayari. Nilifika nyumbani, babu akalifuta kwenye shavu langu kwa kidole gumba, akasema, "Mh. Bab, huyo kijana ana jina?"

Huku kwetu "bab" ni neno la mapenzi tu. Huitwa hivyo mtoto, mke, hata muuza samaki.

Basi siku ile ya bajia nilirudi nikamkuta babu sebuleni, miguu juu ya kigoda. Sikuvua hata koti.

"Babu, unamjua Gurdas Dhanda?"

Kikombe kiligonga kisahani.

"Ndiye babu yake Sukhi. Kila nikikuambia twende ukawasalimie, unasema mgongo. Mgongo wako unauma mwaka mzima?"

"Bab, kaa chini."

"Mdundo ni wake?"

Aliangalia mikono yake, ile mikono ambayo watu wazima hulia wakiishika.

"Ni wake," alisema. "Alinifundisha kwenye pipa. Na nilimwahidi. Tulikuwa tunakwenda kurekodi Jumapili, nikamwambia asubiri kituo cha basi cha karibu na kanisa, tutampitia na dhol yake. Tupige pamoja."

"Mkampitia?"

"Meneja alisema mtu mwenye kilemba haonyeshwi na bendi yetu kwenye televisheni. Alisema nichague."

"Na wewe ukachagua."

"Nilikuwa na miaka ishirini na mbili."

"Mimi nina ishirini na tano, Babu. Hiyo si sababu."

"Najua." Machozi yalimtoka bila sauti. "Tilda, nikifa andika unachotaka. Lakini nikiwa hai, niachie hicho kimoja. Sina kingine. Watu wakinisalimia barabarani, wanausalimia ule mdundo."

Nilimpenda. Ndiye aliyenisuka nywele kwa vidole vilivyozoea vijiti vya ngoma, nikaenda shule na mikia miwili isiyolingana. Nikapiga magoti nikamkumbatia, nikamwahidi. Na kesho yake, makumbusho, niliandika maelezo ya ukutani kwa mkono wangu mwenyewe: *Mdundo huu ulibuniwa na Len Bissell akisikiliza nyundo za kiwandani.*

*

Siku ya ufunguzi ukumbi ulijaa. Akina mama wa miaka sabini walikuja na viatu vyao vya zamani vya soli ndefu, wakishikana mikono wasianguke. Taa zilizunguka juu ya zile suti, na nukta za mwanga zikaogelea ukutani, kwenye nyuso, kwenye sakafu, kana kwamba sote tulikuwa chini ya maji. Babu hakuja. Alisema mgongo.

Sukhi alimleta Babaji, kilemba kipya, rangi ya zafarani.

"Til, muonyeshe Babaji kona yetu ya bhangra!"

Lakini Mzee Gurdas alikuwa amesimama mbele ya ngoma za babu. Alivaa miwani. Alisoma maneno yangu polepole, kidole kikifuata mstari. Kisha akanigeukia. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniua.

"Binti yangu, haya uliyaandika kabla ya kuja jikoni kwetu, au baada?"

Ningeweza kudanganya. Nilimtazama, sikuweza.

"Baada."

"Ahaa." Akavua miwani, akaikunja. "Herufi zako nzuri."

Sukhi alitutazama mmoja baada ya mwingine. "Baada ya nini?"

"Sukhi, twende nje nikuambie."

"Niambie hapa. Baada ya nini?"

Nikamwambia. Pipa, kituo cha basi, kilemba, yote. Nilizungumza haraka kama mtu anayevuka barabara amefumba macho. Alipoelewa, aligusa pambo lililokuwa shavuni mwake, akalitazama kwenye kidole.

"Kwa hiyo maisha yangu yote nimemwambia babu yangu anakosea wimbo wake mwenyewe."

"Hukujua..."

"Mimi sikujua. Wewe ulijua. Tangu lini?"

"Siku kumi na saba."

"Tumekwenda kuchagua maua pamoja, Til. Tumeandika majina ya wageni."

"Nilikuwa namlinda babu."

"Na wangu alindwe na nani?"

Akamshika Mzee Gurdas mkono, wakatoka. Jioni simu yangu ililia. Ulikuwa ujumbe.

"Siyo mdundo, Til. Mdundo wauchukue. Ni kwamba ulikuwa unanitazama usoni siku zote hizo. Sijui kama nitaweza kuja tarehe ishirini. Usinipigie."

Zilikuwa zimebaki siku tisa.

*

Jumapili nilikwenda gurdwara, hekalu la Masingasinga, ambako Babaji hujitolea jikoni. Nilifunga kitambaa kichwani, nikavua viatu, nikamkuta amekaa sakafuni kati ya wazee wenzake, unga mpaka kwenye viwiko, chapati zikitoka mikononi mwake moja baada ya nyingine kama mwezi mpevu.

Nilikaa pembeni yake. Hakunifukuza. Alinisukumia donge la unga.

"Sukuma."

Nikasukuma.

"Hiyo ni ramani ya Scotland," alisema. "Tena."

Wazee walicheka. Mimi nikaanza kulia juu ya unga.

"Babaji, nimekukosea. Nitabadilisha maandishi. Nitaandika jina lako kubwa, la kwanza."

"Ya ukutani ni kazi yako, fanya inavyopaswa. Lakini usidhani nimekaa miaka hamsini na moja nadai mdundo. Mdundo ni kama mbegu ya ngano. Nani alimdai jirani mbegu? Niliposikia watu uwanjani wanaupiga, maelfu kwa maelfu, nilifurahi. Niliwaza, baba yangu hakuwahi kuvuka bahari, lakini tazama."

"Basi unataka nini?"

Aligeuza chapati.

"Siku ile nilivaa suti yangu ya harusi. Nikakaa kituoni tangu saa mbili asubuhi, dhol magotini. Gari la bendi likaja. Nikasimama, nikainua mkono. Likapita. Nyumbani nikamwambia mke wangu imeahirishwa. Mpaka anakufa, sikumwambia vingine. Ninataka Len aniambie kwa nini gari lilipita. Kwa mdomo wake. Siyo barua, siyo ukuta."

"Na Sukhi?"

"Sukhi ana hasira ya kijana. Ni moto wa karatasi. Lakini sikiliza. Siku ya harusi, kabla ya yote, familia mbili hukutana mlangoni. Baba kwa baba, mjomba kwa mjomba, babu kwa babu. Wanavishana maua, wanakumbatiana. Tunaita milni. Nitamkumbatia Len au sitamkumbatia mtu. Na bila milni, mjukuu wangu haingii ndani. Mwambie hivyo."

Nilikwenda moja kwa moja makumbusho. Niliyabandua maneno yangu kwa kucha, nikabandika mengine: *Mdundo huu unatoka Punjab. Gurdas Dhanda alimfundisha Len Bissell kiwandani. Len alimwahidi kurekodi pamoja naye, na hakutimiza ahadi.* Bosi wangu alisoma, akasema, "Una uhakika?" Nikasema, "Ndiyo." Akaniletea gundi nyingine, kona moja ilikuwa inabanduka.

Kisha nikaenda kwa babu.

"Nimebadilisha maandishi, Babu. Kila mtu atayasoma."

Alifumba macho. "Uliniahidi."

"Na wewe uliahidi. Ahadi yako ilikuwa ya kwanza." Nilimshika mikono. "Hadai mdundo. Anataka umwambie kwa nini gari lilipita. Tarehe ishirini, mlangoni. Usipokuja, sina harusi. Lakini siji kukuburuta. Nimechoka kukubebea."

"Hujui nilichofanya ndani ya lile gari," alisema.

"Usiniambie mimi. Mwambie yeye."

Usiku ule nilimtumia Sukhi ujumbe mrefu, nikamweleza yote, bila kujitetea hata mstari mmoja. Jibu lilikuja asubuhi.

"Nimepita makumbusho. Nimesoma. Nitakuja na farasi, kwa desturi yetu, mpaka mlangoni. Zaidi ya hapo sijui."

*

Tarehe ishirini nilipoamka, kitanda cha babu kilikuwa kimetandikwa, na yeye hayupo. Simu yake imezimwa. Suti yake ya kijivu haikuwa kabatini, lakini siku nyingine huivaa hata kwenda kunywa bia.

Kwa desturi yao bibi harusi hashuki kwenye milni. Nilikaa chumba cha juu cha gurdwara, hina mikononi, vazi jekundu zito kama zulia, nikitazama dirishani. Manyunyu. Mtaa mzima umetoka nje. Kwa mbali nikasikia dhol, kisha farasi mweupe akatokea kwenye kona ya duka la vitambaa, na juu yake Sukhi, maua yamemfunika uso.

Simu yangu ililia.

"Til."

"Sukhi."

"Yuko wapi babu yako?"

"Sijui."

Nilisikia kwato.

"Sikiliza. Naiweka simu mfukoni. Usikate. Lolote litakalotokea, tulisikie pamoja."

Basi nikashikilia simu sikioni kwa mikono miwili, na nilichosikia kwanza ni moyo wake, halafu ngoma, halafu ngoma zikakoma. Chini, familia ya Dhanda ilijipanga upande mmoja wa mlango. Upande wangu kulikuwa na shangazi mmoja wa kutoka Dudley na wenzangu wawili wa kazini, wameshika maua hawajui wampe nani.

Msoma dua aliita, "Babu kwa babu!"

Mzee Gurdas alipiga hatua moja mbele. Akasimama peke yake kwenye mvua.

Dakika moja. Farasi alitikisa kichwa. Shangazi wa Dudley akasema, "Mimi nitafaa? Nina miaka sitini na nane."

Hakuna aliyecheka. Ndipo watu wa nyuma walipoanza kusogea. Babu yangu alikuwa anakuja kwa miguu, kutoka upande wa kanisani, suti ya kijivu imelowa mpaka mabegani. Baadaye nilijua: alikuwa amekaa kwenye kile kituo cha basi tangu saa mbili asubuhi. Alisema alitaka kujua ni muda mrefu kiasi gani.

Alisimama mbele ya Mzee Gurdas. Nilimsikia simuni akihema.

"Gurdas."

"Len. Umenenepa."

"Gari lilipita kwa sababu nilimwambia dereva asisimame." Sauti ilimkatika, akaanza upya, kwa nguvu zaidi, ili mtaa wote usikie. "Meneja alisema usije, lakini meneja hakuwemo garini siku ile. Nilikuwemo mimi. Ningeweza kusema simama. Nilitaka uwe wangu, ule mdundo. Na tulipofika kituoni nililala kwenye kiti, usinione. Ndivyo ilivyokuwa. Nimeona aibu kila siku."

Mvua ilisikika juu ya miavuli. Mzee Gurdas alisogea karibu zaidi.

"Siku ile ulikuwa umevaa nini?"

"Nini?"

"Ulivaa nini, Len?"

"Tulikuwa tunapigwa picha baada ya kurekodi. Nilivaa ile suti ya fedha."

"Najua," alisema Mzee Gurdas. "Ulilala, lakini bega lilibaki dirishani. Lilikuwa linang'aa kama samaki. Nimeliona miaka hamsini na moja. Nilikuwa nangoja tu uinuke."

Babu yangu alifunika uso. Mzee Gurdas alimvisha maua shingoni, akarekebisha petali moja iliyokaa vibaya, kisha akamkumbatia kiunoni na, mbele ya watu wote, mzee wa miaka sabini na sita akamwinua rafiki yake kutoka ardhini kwa kipimo cha kidole. Kumbe ndiyo desturi, babu hujaribu kumwinua babu mwenzake. Mtaa ulilipuka. Dhol zikaanza, na babu yangu, miguu hewani, alikuwa analia na kucheka kwa wakati mmoja.

"Niweke chini, utavunjika mgongo!"

"Mgongo ni wako! Nasikia unaumwa kila tukikualika!"

Mimi nilikuwa nimekaa sakafuni, wanja umeshuka mpaka kidevuni. Simu bado sikioni.

"Til? Bado upo?"

"Nipo."

"Nikuulize kitu kimoja kabla sijashuka farasi."

"Uliza."

"Wewe umelala kwenye kiti gani kingine nisichokiona?"

Nilifikiri kweli, kwa sababu lilikuwa swali la kweli.

"Hamna," nilisema. "Nimeketi wima. Ninaogopa, wanja umeharibika, na nakupenda. Hayo tu."

Nilimsikia akivuta pumzi. Dirishani nilimwona akisogeza maua yale usoni, akainua kichwa, akatafuta madirisha moja baada ya jingine mpaka akanipata.

"Basi shuka," alisema. "Ninaingia ndani."